Mshenga wa Kilatini

Mzee Antipasi wa Nduguti alikaa seminari miaka miwili, akarudishwa nyumbani. Sababu hatukuambiwa, ila Kilatini kidogo alirudi nacho, na tangu hapo hatuna amani. Siku hizi ana simu inayotamka Kiingereza. Huisikiliza akichunga mbuzi, kisha hutushika njiani: neno hili limetoka Kilatini, angalieni mkazo. Mbuzi wamezoea, sisi bado.

Mpwa wake, Michael, alipotaka kumwoa Jenipher wa Misigiri, ukoo ukamchagua mjomba huyu awe mshenga. Mimi jirani yao nilipinga, nikaambiwa msomi ni msomi. Na tulijua kuna mwanamume mwingine anayemtaka Jenipher. Wazee wa Misigiri walishasema: posa yetu isipoeleweka, kesho wanampokea yule.

Tulipofika kwao Jenipher na kwisha kuamkia wakubwa, Antipasi akasimama, akavuta koti.

"Wazee wangu, tumevutwa na binti palkrityudinasi. Mkazo uko kwenye tyu. Shina lake ni pulkeri, Kilatini hicho."

Alimaanisha mrembo tu. Kwa desturi, wenye binti hawajibu mpaka mshenga atamke amekuja kutafuta nini. Yeye akadhani wameduwaa kwa elimu yake, akaongeza neno refu zaidi, akalirudia taratibu, silabi moja moja, kama anayetafuna mfupa. Michael aliinamisha kichwa. Nilimwonea huruma sana. Mjomba wake nilitamani kumvuta koti akae.

Bibi Marietha, nyanya yake Jenipher, hakuhangaika naye. Alimgeukia Magreth, mke wa Antipasi, tuliyekuja naye.

"Mwanangu, huyu na wewe alikuposa kwa maneno hayo?"

"Hapana, mama. Aliyesema ni baba yake. Yeye alikaa pembeni analia, anaogopa atakataliwa."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Antipasi akafungua mdomo atafute neno, la Kilatini, la Kiingereza, lolote lile. Halikuja. Akakaa.

"Na huyo baba yake alisemaje?"

"Alisema, tunaomba mke."

Bibi Marietha akawatazama wazee wenzake. Wakaitikia kwa kichwa.

"Hilo tumelielewa. Michael, mke umepata. Na mjomba wako, siku ya harusi, alie tu kama zamani."