Mzee Ambaye Kompyuta Haikumwona

Kwa muda wa miaka miwili niliamini, kwa moyo wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwamba ukimtafuta mtu kwenye kompyuta ya hospitali mara tatu kwa siku moja, mtu huyo anakufa.

Habari hizi nilizipata kwa muuza vitenge mmoja wa sokoni Mpanda, ambaye tulikaa naye dawati moja kwenye masomo ya jioni. Mjomba wake alilazwa hospitali moja huko mbali. Asubuhi akatafutwa kwenye kompyuta, hayumo. Mchana akatafutwa, hayumo. Alasiri akatafutwa tena, na kabla ya magharibi watu wakaanza kuulizana habari za sanda. "Mashine ina hesabu yake," aliniambia. "Mara mbili inakuvumilia. Mara ya tatu inaona kumbe huyu hahitajiki, inamfuta." Mwalimu wa hisabati alikuwa ubaoni anahangaika na vipeo, mimi nikawa nimeshapata somo langu la usiku ule.

Msinicheke sana. Nilianza shule ya jioni nikiwa na watoto wawili na kitambi. Kompyuta ya kwanza kuigusa maishani ndiyo hiyo niliyokabidhiwa kwenye kituo cha afya, dirisha la mapokezi, baada ya mafunzo ya siku tatu ambayo siku mojawapo umeme haukuwepo. Ilikuwa nzito kama ndama na ikiwaka inaunguruma kama lori la tumbaku linalopanda mlima. Nikaiheshimu. Mgonjwa akija, naandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia. Akionekana, safi. Asipoonekana, naandika mara ya pili, nikibadilisha mpangilio wa majina. Akikataa tena, basi, sithubutu: namfungulia faili jipya kana kwamba amezaliwa asubuhi hiyo. Ndiyo maana kituo chetu kilikuwa na mama mmoja wa Kawajense mwenye mafaili manne, na kila faili linasema hajawahi kuugua. Sista, yule nesi mkuu wa zamu za mchana, alikuwa akilalamika. "Hivi nyie watu wa mapokezi mnazaa wagonjwa?" Nacheka, namwambia mji unakua, sista, mji unakua.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, masika, matope ya kijiji cha Kabungu yakiwa yamefika hadi kwenye magoti ya watu. Mwanamke mmoja wa familia ya wafugaji wa huko aliingia na baba mkwe wake juu ya bodaboda, mzee amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva asianguke. Mzee alikuwa hajitambui. Anapumua kwa shida, kifua kinakoroma. Dokta alimsikiliza kifua, akatoka haraka hadi dirishani kwangu.

"Homa ya mapafu, kali," alisema. "Nataka kumchoma sindano sasa hivi. Lakini huyu mama anasema mwaka jana mzee alichomwa sindano kwenye duka la dawa kijijini, akavimba uso na ulimi, nusura afe. Wakamleta hapa. Ilikuwa dawa gani?"

"Huyu mama hajui?"

"Anajua ilikuwa sindano. Stoo nina dawa mbili za sindano. Moja itamponya, nyingine inaweza kumziba koo mbele yangu. Daktari aliyemtibu amehama. Nitafutie faili lake, lazima aliandika."

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Jina la dawa moja, ndani ya mashine, na mzee kwenye kitanda cha tatu anaisubiri.

Mkamwana alitoa kwenye kikapu kitambulisho cha mpiga kura cha mzee. Nikaandika jina kama lilivyo. Skrini ikasema hakuna mgonjwa aliyepatikana. Nikaandika tena, la mwisho likiwa mbele, na ile R nikaigeuza L, maana kwetu huku herufi hizo mbili hubadilishana viti wakati wowote. Hakuna mgonjwa aliyepatikana.

Mara mbili.

Nilitoa mikono kwenye kibodi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Dada," nilimwita mkamwana, "nyie mwaka jana mlikuja kituo hiki kweli?"

"Tulikuja. Wewe ndiye uliyetuandika."

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuwa unacheka."

"Sawa. Uliniambia jina gani?"

Akaangalia chini. "Sikukwambia jina."

"Ulikosaje kuniambia jina la mgonjwa?"

"Kaka, huyu ni baba wa mume wangu. Jina lake mimi silitamki. Tangu niolewe sijalitamka. Na yeye ulimi ulikuwa umevimba, hakuweza kusema. Mume wangu alikuwa mbali na ng'ombe."

"Na kitambulisho?"

"Siku ile kilibaki nyumbani. Leo ndiyo nimekumbuka."

"Sasa mimi niliandika nini?"

"Nitajuaje? Mimi sijui kusoma."

Alisema hivyo bila hasira. Alikuwa amefanya heshima yake, mimi nilikuwa nimefanya mzaha wangu, na katikati yetu palikuwa na mzee aliyeandikwa jina ambalo hakuna mtu duniani aliyelijua. Nilikaza akili hadi masikio yakapata moto. Siku ile ya mwaka jana nilikumbuka foleni imetoka nje ya geti, nusura ifike Sumbawanga. Nilikumbuka mzee mwenye uso kama boga. Nilichoandika sikukumbuka.

Dokta alirudi. "Umempata?"

"Mfumo unasumbua, dokta."

Hilo nililisema. Mfumo ulikuwa mzima kama chuma cha reli. Aliyekuwa anasumbua ni mimi.

Nikabuni njia. Nilijiambia kwamba kusoma si kutafuta. Nikiweza kuitoa orodha yote ya wagonjwa kwenye jedwali moja, nikaisoma mstari kwa mstari kwa macho yangu mwenyewe, mashine haitahesabu. Lakini kitufe cha kuitoa orodha, kwa mtu wa cheo changu, kilikuwa na rangi ya majivu. Unakibonyeza kama unabonyeza ukuta. Anayeruhusiwa ni mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, naye alikuwa kwenye kikao, simu imezimwa. Nikapiga. Nikapiga tena. Nilipiga simu hiyo mara nyingi kuliko nilivyompigia mama watoto wakati wa uchumba. Ajabu ni kwamba hesabu ya simu haikunitisha hata kidogo.

Saa nne. Saa tano. Dokta alimwekea mzee dripu ya maji na kumtafutia oksijeni, akampa vidonge vilivyosagwa ambavyo mzee hakuweza kuvimeza. Kila akipita dirishani ananiangalia, nami naangalia skrini kwa bidii kubwa, kama fundi. Mkamwana alikaa kwenye benchi mbele yangu. Hakunisumbua. Mara moja tu aliuliza, "Bado, kaka?" Nikamjibu bado kidogo, dada, tuko karibu.

Karibu na nini, hata mimi sikujua.

Saa sita na nusu simu ikashika. Mganga mfawidhi alinong'ona kutoka kikaoni, akaniuliza orodha yote ya nini, hizo ni siri za watu. Nikamweleza mzee. Akanipa namba zake za siri huku akiniapisha nizisahau jioni. Nikabonyeza. Kamstari ka kijani kakaanza kutambaa kama kinyonga aliyelewa. Kakafika nusu, umeme ukayumba, kakarudi mwanzo. Nikabonyeza tena. Ilipofika saa saba jedwali likafunguka, na Mungu wangu, watu! Wa Katumba, wa Kabungu, wa mjini, waliohama, waliokufa, mama wa mafaili manne akiwa amesimama mara nne kama foleni ya peke yake. Nikaanza mstari wa kwanza. Natafuta mwanamume, mzee, na jina lolote la ajabu. Kumbe majina ya ajabu niliyowahi kuandika yalikuwa mengi. Palikuwa na "Bibi wa Maandazi". Palikuwa na "Mtoto wa Jana". Mistari ilianza kucheza mbele ya macho yangu, nikiruka mmoja narudi kumi, na kule wodini nasikia kile kifua.

Saa nane kasoro sista akatoka chumba cha kuzalishia, ambako alikuwa na mama mmoja tangu alfajiri. Mikono bado ina unyevu.

"Mbona mzee wa kitanda cha tatu hajachomwa?"

"Natafuta faili, sista."

Akaangalia jedwali. "Unasoma watu wote hao? Wametoka kijiji gani?"

"Kabungu. Sista, usiandike pale, nimeshaandika mara mbili—"

Alinisogeza kwa nyonga, akaandika Kabungu kwenye kisanduku cha kutafutia, akabonyeza. Nilifumba macho. Nilipofumbua kulikuwa na watu kumi na mmoja, na wa saba alikuwa mwanamume, umri wa kukadiria, jina lake "Mzee wa Ng'ombe". Hapo nikakumbuka yote: shati lake lilikuwa linanukia zizi, nikaandika hivyo, nikacheka, nikasema akija na kitambulisho nitarekebisha. Sista alifungua maelezo. Amevimba uso na ulimi baada ya kuchomwa penisilini, asipewe tena.

"Penisilini!" sista alipaza sauti kuelekea wodini. Nikasikia droo ikivutwa.

Sista alitumia nusu dakika, pengine pungufu.

Mzee alichomwa ile dawa nyingine mchana huo, akachomwa tena kesho yake. Siku ya pili alifumbua macho akaomba uji. Siku ya tatu akafariki. Mume wa yule mkamwana alifika akiwa na matope hadi kiunoni, akamfunga baba yake kwenye shuka wakaondoka naye. Mkamwana alipita dirishani kwangu akasema, "Asante kwa kutusaidia, kaka."

Baada ya hapo miezi ilipita nikimkwepa sista. Kichwani kwangu hesabu ilikuwa wazi: mimi mara mbili, yeye mara moja, jumla tatu. Nilijiona nimempa bunduki ikiwa na risasi. Akiingia mapokezi natoka. Akinitania sicheki. Mwishowe akanibana kwenye chumba cha kufungia bandeji, akaniuliza amenikosea nini. Nikamwambia yote, muuza vitenge, mjomba, mara tatu. Nilitegemea atacheka hadi Kawajense wamsikie.

Hakucheka. Aliendelea kukunja bandeji.

"Mtu mzima wa afya nani anamtafuta mara tatu kwa siku?" alisema. "Wanaotafutwa hivyo ni mahututi. Ndiyo maana wengine wanakufa. Kompyuta haijui kama tupo."

"Kwa hiyo hatukumuua."

"Alihitaji sindano saa tatu. Aliipata saa nane. Hicho ndicho kilichotokea."

"Angeipata saa tatu angepona?"

"Sijui. Hata dokta hajui." Akaweka bandeji kwenye trei. "Siku nyingine ukimkosa mtu mara mbili, mtafute tena."