Paa Lililovukia Kigamboni

Kaka yangu alipoondoka na paa la turubai la gari la baba, alilipakia kwenye mkokoteni. Nilisimama mlangoni nikiutazama ukikata mitaa ya Kariakoo asubuhi watu wamejaa, vyuma vya kukunjia vimechomoza huku na huku, turubai linaburuzika pembeni, na yeye nyuma yake kanyoosha shingo kama anasindikiza vyombo vya bibi harusi. Alikuwa ameshahamia Kigamboni, kwa hiyo paa lilikwenda mpaka Magogoni likavuka kwa kivuko. Gari lenyewe lilibaki uani kwangu, wazi.

Hiyo ilikuwa siku chache baada ya arobaini ya baba. Gari baba alinipa mimi, kwa mdomo wake, akiwa hai, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa naye mpaka mwisho. Kaka ndiye mkubwa, na ndiye aliyefuata ufundi cherehani wa baba, akaona amedharauliwa.

"Gari chukua," aliniambia. "Lakini paa nimelishona mimi na baba. Naondoka nalo."

Nikamjibu aondoke nalo na asirudi. Kwa baba na mama tumezaliwa wawili tu, na tangu siku hiyo hatukusemeshana.

Baba alikuwa akishona barazani, suruali na makoti, na watu walimwambia usoni kwamba fundi wa barazani hana shughuli na gari la kufunua paa. Alilipata kwa mteja wake wa miaka mingi, mzee wa Kihindi aliyekuwa akihamia kwa wanawe ng'ambo. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la buluu, milango miwili, lenye maringo ya kuwaka. Paa lake la mwanzo lilipochanika, baba na kaka walikata turubai wakalishona upya kwa cherehani ile ile ya suruali. Kaka alikuwa bado anasoma, na wiki nzima hakukubali mtu mwingine ashike hata uzi.

Idi pili baba alikuwa akilikunja paa nyuma, sisi tukapanda na nguo zetu za kitambaa kimoja, kaka shati, mimi gauni. Aliendesha taratibu makusudi ili mtaa mzima utuone, mama akawa anamfinya, "Enda basi, tumeshaonekana." Tulishuka mpaka Kivukoni kula upepo, na harufu ya samaki wa kukaanga kutoka soko la Feri ikituingia moja kwa moja, maana hakukuwa na cha kuizuia. Mwaka mmoja mvua ilitukuta huko. Baba akasimamisha gari, yeye na kaka wakaanza kuvutana na paa, huyu huku, yule kule, komeo halishiki. Mama akatoa mwavuli wake, akaufungua hapo hapo kwenye kiti cha mbele, akatulia chini yake kama hatujui. Watu waliojikinga barazani walicheka mpaka wakashika mbavu. Nimeishi miaka mingi, nimeona mema mengi, lakini sikumbuki kufurahi kuliko siku ile niliyolowa kwenye gari la baba.

Baadaye binti yangu alipoolewa, kiti cha mjomba wake kilikaa kitupu. Nilikuwa nimemtuma mtu na mwaliko. Hakuja, wala hakutuma salamu. Nikasema basi, mimi sina ndugu, na nikalisema kwa sauti ili niliamini. Uani kuku walikuwa wakitagia kwenye viti vya gari.

Nilipostaafu uuguzi, nyumba ilininyamazia mno, nikaamua kulifufua gari. Lilivutwa mpaka gereji moja ya mtaa wa Gerezani. Fundi wa bodi alilizunguka, akagonga gonga mlango, akatoa ushauri bila kuombwa.

"Mama, hili tunakata paa la gari bovu lingine, tunachomelea hapa juu, linakuwa gari la maana. Unaweka na kiyoyozi."

Nilimwambia akichomelea bati juu ya gari la baba yangu, nami nitamchomelea mdomo. Wenzake walimcheka mpaka adhuhuri. Baada ya hapo tulipatana vizuri, na kusema kweli aliifanya kazi kwa moyo. Kutu iliondolewa, mbavu zikanyooshwa, kabureta ikafunguliwa ikaoshwa. Rangi walitaka kuniwekea buluu ya kung'aa, nikawafunulia ndani ya buti, mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Huko buluu ya utoto wangu ilikuwa bado ipo. Niliitazama nikalazimika kugeuka pembeni nifute macho, na wao kwa adabu wakajifanya wanatafuta spana.

Likabaki paa. Fundi wa maturubai alipima, akauliza, "Vyuma vya kukunjia viko wapi?"

"Vimesafiri."

Akasema si tatizo, anaweza kukunja mabomba mapya, hakuna atakayejua tofauti. Nikakataa. Akanishangaa, nami nikajishangaa, maana masika yalikuwa yanakaribia na mtu mwenye akili angekubali. Hapo ndipo nilipojijua kwamba shida yangu haikuwa vyuma. Nilikuwa nimemkumbuka kaka yangu, nimemkumbuka vibaya sana, na paa ndiyo sababu pekee niliyokuwa nayo ya kumwendea bila kujishusha.

Siku ya kwanza gari lilipotoka gereji nililiendesha moja kwa moja mpaka Magogoni. Kwenye foleni ya kivuko vijana walinizunguka na simu zao. "Bi mkubwa, umetisha! Chuma cha mwaka gani hiki?" Nikawaambia ni rika langu, wakome kuuliza. Tangu upande huu mpaka ule nilikuwa nayapanga maneno ya kumwambia, makali na laini kwa zamu.

Nilimkuta barazani kwake, cherehani mbele, anashona sare za shule. Alikuwa ameinua kichwa kabla sijafika, nadhani aliutambua mlio. Ndevu zimekuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Akavua miwani, akaja akalizunguka gari, kiganja kikipita juu ya bodi taratibu. "Rangi umeipatia," akasema. Halafu akasimama upande wa pili, gari likiwa katikati yetu. "Umefuata paa."

"Nimelifuata."

"Sina."

Akanieleza akiangalia chini. Mwaka ule ule alioondoka nalo, kila akiliona hasira zilikuwa zinampanda upya, na siku moja alipita mtu wa chuma chakavu akampa alichukue. Kesho yake alimtafuta Kigamboni nzima, akavuka mpaka Ilala kuzunguka kwa wauza vyuma, hakuliona.

"Ndiyo maana harusini sikuja," akasema. "Ningekutazama na uso gani? Niliogopa utaniuliza paa la baba."

Nilitaka kumfokea, na sababu nilikuwa nazo. Miaka yote ile nilimngoja alirudishe, naye alikuwa akiniogopa kwa kitu ambacho hakikuwapo tena. Nilifungua mdomo, kikatoka kilio. Kaka akaja upande wangu, akafungua mlango, na alivyokuwa hajui kubembeleza akaanza kunisifia viti.

Mabomba mapya sijakunja mpaka leo. Gari liko wazi uani kwangu, na lina turubai la kawaida la kulifunikia. Mawingu yakianza kukusanyika upande wa baharini, simu inaita.

"Umelifunika?"

Nakuwa nimeshalifunika zamani, nimekaa nakunywa chai. Namwambia bado, nilikuwa nimelala. Basi ananifokea, uzembe huu niliuanza utotoni, baba alinidekeza, na akishaanza hajui kunyamaza. Mimi naweka simu sikioni vizuri, namsikiliza mpaka mvua inaanza.