Nyongeza ya Fathiya

Ukitaka kumuudhi Fathiya, mwite mchoyo. Mengine yote atakusamehe. Mlango wangu na wake hapa Burnsville, Marekani, inatazamana, na tangu nimjue sijapata kutoka kwake mikono mitupu. Nikienda kuazima kitunguu, narudi na kitunguu na sambusa, na bado atanifuata ukumbini akiuliza kama watoto wamekula.

Fathiya anauza leso, zile kanga za jozi. Hana duka la kuingia kwa miguu. Anauzia mtandaoni, kwenye soko moja kubwa ambalo Marekani nzima inanunua humo. Nduguye anamletea leso kutoka Mombasa, yeye anazipiga picha juu ya zulia la sebuleni, mtu akiagiza anafunga kifurushi na kukipeleka posta. Mnunuzi hulipa bei ya leso, kisha nauli ya kifurushi, na kikimfikia hutoa nyota, moja hadi tano. Biashara hiyo aliianza baada ya mgongo kumkatalia kazi ya kubeba maboksi ghalani kule Maplewood, na ilimpendeza kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya.

Theluji ilipoanza kuanguka, nyota nazo zikaanza kuanguka. Tatu, tatu, mbili. Soko likamwandikia kwamba mambo yakiendelea hivyo hadi mwisho wa mwezi, duka lake litafichwa, wanunuzi wasilione. Maana yake ilikuwa moja tu: arudi ghalani, na mgongo wake ule ule.

"Wanasema nauli kubwa," aliniambia, simu mkononi. "Arafa, shoga yangu, nauli ni ya posta! Mimi nahusika wapi? Hawa wameona nawabania. N'tawaongezea."

Hapo lazima nieleze, maana asiyetoka kwetu hataelewa. Mama yake Fathiya aliuza leso barazani kwake Kibokoni, kule Mombasa, na mteja hakuondoka na alicholipia peke yake. Kipande cha halua, kipande cha sabuni, chochote, lakini kitu cha juu lazima. Fathiya amelelewa hivyo. Kila kifurushi alikitia chupa ya pilau masala. Nyota zilipopungua akatia na halua. Zilipozidi kupungua akatia na sabuni. Nami, badala ya kufikiri, nilikaa pale nikimshikia gundi.

Siku moja akaingia kwangu bila hodi. "Mkenya mwenzetu! Coon Rapids hapo! Nyota mbili!" Jina la mnunuzi lilikuwa Alice, nesi wa hospitali, na namba yake ya simu ilikuwa kwenye agizo. Nilimwambia hii ni Marekani, mteja hafuatwi nyumbani. Alikuwa ameshapiga simu, na Alice, kwa ukarimu wake, alikuwa ameshamwambia njoo tunywe chai. Niliendesha gari mimi, kwa sababu Fathiya akikasirika taa nyekundu haimhusu.

Alice alitupokea vizuri, chai ya maziwa na mandazi. Fathiya alivumilia kikombe kimoja.

"Dada Alice, leso ilikuwa na kasoro?"

"Hapana! Iko sawa kabisa, hata nili-wear church Sunday."

"Basi nyota mbili ni za nini, mamangu?"

Alice aliona haya kidogo, lakini hakurudi nyuma. "Ni shipping, dada. Kutoka Burnsville mpaka hapa! Nika-feel ni kama nime-buy leso ingine."

"Bei ya posta siipangi mimi."

"Lakini uzito ni wewe." Aliinuka, akafungua kabati, akaweka mezani chupa ya masala haijafunguliwa. Akaweka na sabuni juu yake. "Hizi siku-order. Si mbaya, asante. Lakini zilikuja na nauli, na nauli nililipa mimi."

Fathiya aliitazama ile chupa kama hajawahi kuiona. Kifurushi chenye leso tupu hakifiki ratili moja, kama nusu kilo hivi, na posta hukitoza kidogo. Kikizidi hapo, bei inaruka. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akikizidisha, kwa upendo, na kila nyota iliyoanguka aliijibu kwa kukizidisha tena.

"Yaani nimealika watu karamu," akasema polepole, "nikawatoza kiingilio."

Alice akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akamshika mkono. Nilimpenda Alice saa ile.

Njiani, tulipolipita jiji, Fathiya akalia. Nilimwambia dawa ni rahisi, aache nyongeza.

"Nimpe mtu alicholipia tu? Kama mashine?" Akajipangusa na ncha ya mtandio. "Mama akisikia atanikana."

"Mama yako yuko Mombasa, hatasikia."

"N'tasikia mimi."

Nilikasirika, nakiri. Niliona ukaidi wake utamrudisha ghalani, na mgongo ule nitaukanda mimi.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa na harusi. Fathiya aliwasha kitezo cha udi sebuleni afukize nguo zake, kama tunavyofanya sisi, akajisahau bafuni. Udi ukajaa nyumba nzima. King'ora cha moshi kikalia, na binti yake Nasima akawa anakipungia taulo huku akipiga kelele, "Mom! Seriously? Again?" Mimi nilifungua madirisha, baridi ikaingia mpaka mifupani. Leso za wateja zilikuwa zimetandazwa kwenye makochi muda wote huo.

Kesho yake asubuhi mlango wangu ukagongwa. Fathiya alinisukumia leso usoni.

"Nusa."

"Udi," nikasema.

"Waonaje uzito wake?"

Nilielewa, nikamkumbatia pale pale mlangoni. Tangu siku hiyo akawa anafukiza kila jozi kabla ya kuifunga, dirisha wazi, king'ora kikiwa kimya. Kwenye tangazo aliandika kwamba leso zinanukia udi, na asiyependa aseme, atapata isiyofukizwa. Nauli ndogo iliyobaki akaiingiza kwenye bei ya leso, ili mtu asikutane nayo mwishoni akashtuka. Chupa za masala zikahamia kwangu. Nina masala ya kunizika.

Nyota zilirudi, lakini kwa mwendo wa konokono. Mwezi ukawa ukingoni, na onyo la soko bado lilikuwa pale. Siku ya mwisho tulikuwa jikoni kwake tukikatakata vitunguu, simu ikalia. Fathiya alisoma, akakaa chini, akanipa nisome mwenyewe. Onyo lilikuwa limeondolewa, na nyota zilizolisukuma, zote tano, zilitoka kwa mtu aitwaye Masudi, wa mji nisioujua. Alikuwa ameandika Kiswahili.

"Nauli haikunisumbua. Lakini kuna kitu umeniongezea, mama. Nimekitafuta kwenye kifurushi, sijakiona, na nyumba yangu yote inanukia kwetu."

"Umeona?" Fathiya akasema, akilia na kucheka, na safari hii haikuwa vitunguu. "Amekipata."