Kamera ya Kumeza

Jumamosi iliyopita nilikuwa River Road, kwenye duka la vifaa vya redio, nikingoja zamu yangu. Mbele yangu alisimama mwanamke wa makamo, mhandisi, akamwomba mwenye duka betri ndogo kuliko zote alizonazo.

"Ya saa?" akauliza mwenye duka, mzee wa Kihindi, akitoa betri moja.

"Ya kumeza."

Mzee akaifumbata betri. "Mama, hii itachoma tumbo."

"Ndio maana nitaifunika, mzee," alijibu, kisha akaeleza polepole. Mama yake anavuja damu ndani. Madaktari wamepitisha mpira wenye kamera mdomoni, wakapitisha na kwa chini, lakini katikati haufiki. Yeye anabuni kidonge chenye kamera, kitakachopita chenyewe na kurusha picha nje bila waya. Kamera ndogo kiasi hicho hajaipata. Siku hiyo alitaka tu kujua kama mawimbi yatapenya mwilini.

Mzee akafumbua mkono. Mwanamke akaomba bilauri ya maji ya chumvi iwe badala ya mwili, akaunga betri kwenye kifaa chake cha kurushia mawimbi, akakifunga ndani ya mpira usiopitisha maji, akakizamisha. Redio iliyokuwa rafuni ikaanza kulia: tii, tii, tii.

"Hakioni bado," mwanamke alisema akijifuta macho, "but at least kinaongea."

Mimi nimezoea kumwambia daktari tumbo linauma, naye akabahatisha. Siku tumbo litakapojieleza lenyewe, nitakimeza kidonge hicho hata bila maji.