Msimu Mama Alipompokea Faraji

Pamba kuukuu ina harufu yake. Ni harufu ya mafuta yaliyolala ndani ya mbegu, ya vumbi la magunia na ya panya, na katika ghala moja la Shinyanga, si mbali na stesheni, harufu hiyo ilichanganyika na ya karatasi iliyonyeshewa mvua ikakauka. Mwenye ghala, mnunuzi wa pamba, alikuwa amejijengea jipya la bati, na lile la udongo akamwachia Mwalimu Shomari aweke vitabu vyake. Hiyo ilikuwa miaka ya thelathini, kabla ya vita kuu ya pili. Mimi nilikuwa msichana niliyeanza kuona haya kuoga mbele ya watu, sikujua kusoma hata herufi moja, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kitabu kinaweza kumfanyia mtu jambo lolote, jema wala baya.

Mwalimu Shomari alikuwa mtu wa Tabora, mjukuu wa mpwani mmoja aliyekuja bara na misafara akaoa na kubaki. Alivaa kanzu iliyofuliwa kila mara na kofia iliyochakaa. Kazi ya shule alikwisha kuiacha, lakini vitabu hakuviacha. Alivipanga juu ya mbao zilizoshikiliwa na matofali, akavipangusa kwa kitambaa kama mtu anavyompangusa mtoto makamasi, na vile alivyovipenda kupita vyote vilikuwa vijitabu vyembamba vya hadithi za vijana. “Watoto wana ngano za bibi zao,” alikuwa akisema, “na wazee wana vitabu vya dini na vya sheria. Ninyi mlio katikati, ambao ndevu zinataka kuota na hazijaota, nani amewaandikia?” Kisha hunyanyua kijitabu kimoja juu kabisa, macho yakimeta, kana kwamba ndani yake mna asali. Siku za soko alipita akiwaita vijana kwa sauti ya mnadi samaki. Kila Jumamosi mchana aliwakusanya ghalani, akawasomea, akawashindanisha kwa vitendawili, akawataka wabishane juu ya waliyoyasikia. Wazee wengine walimwona ana kichaa kidogo. Yeye alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye alikuwa tayari kuinama mpaka mgongo uvunjike, ilimradi vijana wasome.

Alikuja hata kwetu. Alimkuta mama akianika viazi vilivyochemshwa, vile tunavyoviita matobolwa, ambavyo aliwauzia abiria wa garimoshi. “Mwangaluka, Mama Luhende,” alisema, maana salamu hiyo ya Kisukuma alikuwa amejifunza vizuri. “Niazime binti yako Jumamosi. Wavulana ninao, wasichana sina.” Mama alikubali, si kwa ajili ya vitabu, bali kwa kuwa aliona Kiswahili changu kikinyooka abiria hawatatupunja. Yeye mwenyewe Kiswahili kilimpiga chenga. Alijua cha kuuzia na cha kununulia tu.

Huyo Luhende ambaye mama aliitwa kwa jina lake alikuwa kaka yangu, na hakuwapo. Baba alikwisha kufariki, na Luhende, aliyekuwa ndiyo kwanza anapevuka, aligombana na mama kuhusu ndama ambaye kaka alitaka auzwe na mama akakataa. Asubuhi moja, mama akiwa kisimani, alichukua shuka lake akaondoka. Wapita njia walituambia wamemwona na kundi la vijana wakielekea machimbo ya dhahabu, upande wa Geita. Tangu hapo hatukusikia neno. Mama hakulia mbele yangu, ila kila alipotoka kisimani alisimama kidogo mlangoni kabla ya kuingia, na mtungi wa maji kichwani, kama anayesikiliza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilijua tu kwamba nyumba ilikuwa imekuwa kubwa mno.

Kiangazi kile Mwalimu alianza kutusomea kitabu kisicho na jalada, kuhusu kijana aitwaye Faraji. Ngano nilizozijua zilikuwa na sungura na fisi, nazo zilianza kwa hapo kale, na hakuna aliyeuliza sungura anakaa kijiji gani. Huyu Faraji alikuwa na mama, alikuwa na kovu gotini, alikaa katika mji wenye soko, na siku moja, mama yake akiwa amekwenda kuteka maji, alitoroka kwenda kuchimba mawe ya thamani katika nchi ya mbali. Nilishtuka niliposikia hivyo. Jioni hiyo nilimweleza mama yote kwa Kisukuma, huku akichambua mboga. Mikono yake ilisimama. “Huyo aliyeandika,” aliuliza, “alijuaje kwamba nilikuwa kisimani?” Nilifikiri vitabu ndivyo vilivyo, kwamba ni habari za watu zilizoletwa kwa garimoshi kama barua, na kwamba huenda huko kwenye machimbo Luhende amejibadilisha jina, kama wanavyofanya vijana wengi.

Basi kila Jumamosi mama alinituma na maswali. Je, Faraji anakula nini? Je, anakohoa? Analala na shuka lile lile? Nilimfikishia Mwalimu, naye alifurahi hata akapiga makofi. “Mnaona? Hayo ndiyo maswali ya msomaji!” Akawauliza wenzangu: Faraji anakula nini? Vijana wakajibu kila mmoja lake. Jumanne, mtoto wa muuza chumvi, akasema anakula ugali wa mtama na samaki mkavu. Mwingine akasema hakohoi, ila mikono imechubuka. Nami niliyabeba yote nyumbani, yaliyokuwa kitabuni na yaliyotoka vinywani mwa vijana, maana katika akili yangu yalikuwa chungu kimoja. Mama alianza kula vizuri. Alianza hata kuimba akitwanga. Nilimwonea fahari Mwalimu Shomari, na wakati huo huo kitu fulani kilinikereketa moyoni ambacho sikuweza kukitaja.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo machimbo yalibomoka. Mwalimu alisoma kwa sauti ya chini namna udongo ulivyoteremka, namna taa zilivyozimika, namna wenzake walivyoita, “Faraji! Faraji!” wasisikie kitu. Hapo akafunga kitabu. “Tutaendelea Jumamosi ijayo,” alisema akitabasamu, kwa kuwa alipenda sana kutuacha na kiu. Vijana walipiga kelele za kumsihi. Mimi nilikwenda nyumbani nikitembea kama mlevi, na mama aliponiuliza, sikujua namna ya kumficha. Hakupiga ukelele. Alikaa chini palepale alipokuwa, akaweka viganja juu ya udongo, na chakula cha jioni hakikupikwa.

Asubuhi alinishika mkono tukaenda ghalani. Mwalimu alikuwa akifagia. Aliposikia shida yetu alicheka kwanza, kwa wema. “Mwambie mama yako hajafa. Wanamfukua.” Lakini mama hakucheka, na nadhani hapo ndipo Mwalimu alipomtazama vizuri. Aliuegemeza ufagio ukutani.

“Mama Luhende,” alisema polepole, “Faraji si mtu.”

Nikatafsiri. Mama akauliza, “Kama si mtu, ni nini?”

“Ni mtu wa kitabuni. Hakuzaliwa. Mwandishi amemtunga.”

Hapo Kisukuma changu kiliniishia. Neno la kutunga, kwa maana ile, sikulijua katika lugha yoyote. Nilitafuta, nikageuka huku na huku, mwishowe nikasema: anasema ni mtu aliyefungwa ndani ya karatasi. Mama alizigeukia mbao za vitabu, akasema jambo ambalo nililitafsiri kama lilivyo.

“Anasema, kama amefungwa, mfungueni.”

Mwalimu Shomari alivua kofia yake. Mtu yule aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, aliyeweza kubishana na wazee wa baraza mchana kutwa, alisimama mbele ya mwanamke muuza matobolwa akakosa la kusema. Mwisho alimkokotea kiti chake mwenyewe, akamsihi akae, na mama akakataa, tukaondoka.

Jumamosi iliyofuata Faraji alifukuliwa akiwa hai, akajitwika mzigo akashika njia ya kwao, na hapo ndipo kitabu kilipoishia. Mwandishi hakusema kama alifika. Vijana walikasirika. Wengine walisema kurasa zimeliwa na mchwa, wengine wakasema mwandishi ni mvivu. “Basi malizieni ninyi,” alisema Mwalimu. “Mwonyesheni anavyofika. Tuigize, watu wote waje watazame.” Alisema hivyo bila kunitazama, na sikuelewa kama aliwaza juu ya mama yangu au juu ya mchezo tu. Walimchagua Jumanne awe Faraji. Kwa kuwa hakuna mzazi ambaye angekubali binti yake acheze mbele ya watu, kijana mmoja mnene alivishwa kanga awe mama.

Siku ya mchezo watu walijaa uwanja wa mbele ya ghala: wauza chumvi na nguo, wachukuzi wa stesheni, hata wazee waliomwona Mwalimu kichaa. Mama alikuja pia, amebeba kibuyu cha maji. Mwanzoni kila mtu alicheka, kwa sababu yule mama wa kanga alikuwa na sauti nzito kama ngoma. Kisha Jumanne akatokea nyuma ya ghala, amejipaka vumbi, fimbo begani, akichechemea. Yule wa kanga alikuwa amefundishwa kupiga vigelegele na kukimbia kumlaki. Hakuwahi. Mama yangu alikuwa amekwisha simama.

Alipita katikati ya watu bila haraka. Alipiga magoti mbele ya Jumanne, akamimina maji, akaanza kumwosha miguu, huku akiita kwa sauti ndogo, “Luhende. Luhende wangu.” Kicheko kilikatika. Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nilitamani niwe pale, katikati, nami nimshike huyo kaka. Jumanne alimjua mama vizuri, alikuwa akimpimia chumvi dukani kila juma. Alimtafuta Mwalimu kwa macho, na Mwalimu alikuwa ameuficha uso. Basi yule mvulana, aliyezoea mizaha, aliweka mkono juu ya bega la mama akasema kwa Kisukuma chake kibovu, akimwita mama, “Mayu, nimerudi.” Mama alilia hapo kwa sauti, kilio ambacho hakuwa amekilia tangu siku ile ya kisimani, na wanawake wengi wakalia pamoja naye bila kujua wanamlilia nani.

Njiani nilishindwa kujizuia. “Mayu, yule ni Jumanne.”

“Najua ni Jumanne. Kwani mimi kipofu?”

“Sasa mbona ulimwita Luhende?”

“Kwa sababu alikuwa Luhende,” alisema, akaendelea kutembea. Nilimfuata nikiwa sijui zaidi ya nilivyokuwa kabla ya kuuliza.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Luhende alirudi kweli. Aliingia uani mchana, amekonda, ana blanketi jipya na kikohozi kirefu. Mama alikuwa akitwanga. Alimtazama juu mpaka chini. “Umerudi,” alisema. “Paa linavuja upande wa mbuzi. Kula kwanza.” Akampa ugali na maziwa ya mgando, akarudi kwenye kinu chake. Hakumwosha miguu, hakulia. Kaka aliniita pembeni akaniuliza kama mama bado ana kinyongo cha ndama. Nilimsimulia habari za Faraji tangu mwanzo, na kadiri nilivyosimulia ndivyo uso wake ulivyokunjamana. “Faraji ni nani?” aliuliza. “Mtoto wa nani?” Kesho yake, Jumamosi, alikwenda nami ghalani kumtafuta huyo Faraji. Mwalimu Shomari alimkaribisha kwa shangwe, akamkalisha mbele ya vijana awaeleze machimbo yalivyo. Luhende akaeleza: tulibeba mawe, tukayaponda, tukayaosha, tukalala. Vijana walisubiri udongo ubomoke. Haukubomoka. Mmoja akapiga mwayo. Niliona kaka akiinamisha kichwa, na Mwalimu akiwakemea vijana kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Siku hizi nikipita kwenye maktaba ya mji naona vijana wamejaa, wasichana kwa wavulana, kila mmoja na hadithi yake mkononi, na mtunza vitabu wao, binti mchangamfu, amewabandikia ukutani ratiba ya mijadala na michezo. Mwalimu Shomari angetokwa na machozi. Mjukuu wangu ni mmoja wao. Huwa namwona akisoma huku akilia, nami nikimuuliza nani amekufa, hujifuta akasema, “Hakuna, Bibi, ni hadithi tu,” kisha huuliza kama chakula kimeiva. Wana neno ambalo mimi nililikosa siku ile ghalani, na neno hilo huwakinga na mengi. Sijui kama huwanyima kitu. Luhende aliishi mpaka akazeeka, na kikohozi chake, akaoa, akamtunza mama vizuri hadi tulipomzika. Siku ya mazishi, watu walipotawanyika, alikaa karibu nami akasema, “Yule mwana wa chumvi alipokewa vizuri kuliko mimi.” Nilitaka kumwambia kwamba ni yeye aliyepokewa siku ile, kwamba maji yale yalikuwa yake na machozi yale yalikuwa yake, ila tu hakuwapo. Lakini nilipomtazama, mzee mwenye mvi aliyekuwa bado anasubiri mlangoni kwa mama yake, sikuwa na hakika kama ni kweli.