Mngurumo Kwenye Mteremko wa Jabal Akhdar

Suud bin Nasser alizaliwa Wete, Pemba, na mama yake alimleta ng'ambo kwa Waarabu, mji wa Nizwa, akiwa na miaka tisa. Miaka ishirini na tisa sasa ana gereji yake pale Firq, nje kidogo ya mji, na watu wanamjua kwa sikio lake. Huinama juu ya mashine, akafumba macho, akakwambia ugonjwa uko wapi. Kompyuta ya kupimia magari anayo, lakini wakati huo ilikuwa imefunikwa kitambaa pembeni.

"Gari ni mashine, breki na usukani," alikuwa akisema. "Vilivyobaki ni madoido ya kuwauzia wenye nazo."

Jumatatu moja ya Januari, asubuhi, Khulood alisimamisha gari lake mbele ya gereji. Khulood ni daktari katika kituo cha afya juu ya mlima wa Jabal Akhdar. Kazaliwa hapa hapa Nizwa, na Kiswahili chake kakipata kwa bibi yake. Gari lilikuwa jipya, refu, jeusi, na viti vyake vilikuwa vya kujipasha moto.

"Shikamoo, ami Suud."

"Marahaba, mwanangu. Lina nini?"

"Linanguruma. Jana alfajiri kulikuwa na barafu nyembamba barabarani. Nilipokanyaga breki, pedeli ikanitetemeka mguuni, na chini nikasikia grrr, grrr, kama mtu anasaga mawe. Kitabu chake kinasema ni kawaida. Lakini mimi nataka sikio lako."

Suud alilisikiliza likiwa limesimama, halafu akalizungusha mtaani. Hakusikia kitu. Basi wakakubaliana wapande pamoja mpaka kituoni, alisikilize kwenye mteremko wenyewe.

Walipita Birkat al-Mauz, chini ya mlima, na kituo cha polisi, pale ambapo gari lisilovuta kwa magurudumu manne hurudishwa. Kupanda kulikuwa shwari. Walipofika Seiq, penye kituo chake cha afya, mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye paa za nyumba, na mara ikaanza mvua ya mawe. Ilipiga robo saa hivi. Ilipokatika, barabara yote ilikuwa nyeupe, na punje za barafu zimelala kama mchele uliomwagwa. Kwenye dashibodi iliwaka alama ndogo ya theluji.

"Tungoje," alisema Suud.

Walingoja karibu saa nzima. Barabara ilipoanza kuonekana kwa mabaka, Khulood aligeuza kitufe kwenye picha ya theluji, akabonyeza kingine chenye picha ya gari linaloshuka, akaanza kuteremka. Kisha akatoa mguu wake kwenye breki.

"We mtoto! Kanyaga breki!"

"Ami, sikanyagi. Linajishika lenyewe."

Suud alishika mlango kwa mikono miwili. Upande wake lilikuwa bonde, halina mwisho. Gari lilikuwa likishuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi, na chini ya miguu yake ule mngurumo ukaanza: grrr, grrr. Kwenye kona, gurudumu moja la nyuma liliteleza. Alilihisi mgongoni. Kabla hajafungua mdomo, kitu kililibana gurudumu lile peke yake, na gari likarudi kwenye mstari wake. Khulood hakuwa amefanya lolote isipokuwa kushika usukani.

"Ndiyo hiyo sauti," alisema Khulood. "Umeisikia?"

Suud alikuwa ameisikia. Haikuwa sauti ya ubovu. Ilikuwa sauti ya breki zinazobanwa na kuachiwa upesi upesi, kila gurudumu kwa hesabu yake, kazi ambayo hakuna mguu wa binadamu unaoiweza.

"Si muujiza," Khulood aliendelea. "Ukienda mbio utaanguka vile vile. Lakini ukienda pole, linakusaidia."

Suud alikuwa akifikiria sauti kama ile aliyowahi kuizima kwa mkono wake mwenyewe.

Kona ya tatu walikuta alama za magurudumu, mistari miwili iliyonyooka kabisa mahali ambapo barabara ilikuwa imepinda. Mistari ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye lundo la kokoto lililowekwa kando kwa ajili ya magari yanayokatika breki. Ndani ya lundo lilikuwa gari la rangi ya mchanga, ubavu wa kulia umebonyea kwenye mwamba.

"Subhanallah," alinong'ona Suud. "Hilo la Marhoun."

Marhoun alikuwa rafiki yake tangu Wete, na sasa ana shamba la makomamanga juu ya mlima. Walimkuta amekaa chini kwenye kokoto, uso mweupe kama karatasi, mkono wa kushoto ameukumbatia kifuani. Khulood alipiga magoti, akamwangalia macho, shingo, kifua, akaufunga mkono kwa mtandio wake.

"Kiwiko kizima. Kifundo cha mkono ndicho kimevunjika. Mshukuru Mungu, ami."

"Nilikanyaga breki," alisema Marhoun, meno yakigongana. "Magurudumu yakajifunga, hayazunguki. Nikageuza usukani, gari haligeuki. Naligeuza, haligeuki, Suud! Linakwenda tu!"

Suud alisimama kama aliyepigwa kofi. Wiki tatu nyuma, Marhoun alimletea gari lile, la aina ya hili la Khulood lakini la zamani kidogo. Alilalamika kuwa linanguruma kila anapofunga breki kwenye changarawe za shambani, na taa ya onyo haizimi. Suud hakuifunua kompyuta. Alifungua kisanduku cha fyuzi, akaing'oa ile ya mashine inayobana breki yenyewe, akaitoa na balbu ya ile taa. Mngurumo ukakoma. Marhoun alimkumbatia kwa furaha.

"Ni mimi," alisema Suud. "Ile sauti ndiyo iliyokuwa ikikulinda. Mimi nimeizima."

Marhoun aliinua uso.

"Uliniambia breki zitabaki vile vile."

"Nilikuambia."

"Mke wangu Rasha alitaka kuja leo. Alikuwa keshavaa. Nikamwambia baridi kali, bakia nyumbani."

Wote watatu wakageuka kukitazama kiti cha abiria. Mlango wake ulikuwa umeingia ndani mpaka katikati, na kioo kimemwagika juu ya kiti. Suud alimshika Marhoun kwa mkono mzima, akamwingiza kwenye gari la Khulood.

Walimshusha Marhoun hospitali. Jioni ile ile Suud alikaa gerejini na simu, akajilazimisha kukumbuka kila gari alilolinyamazisha namna ile. Alipata saba, ukiacha la Marhoun. Aliwapigia wenyewe mmoja mmoja, akawaambia alichofanya na kwamba wasiyaendeshe mpaka ayatengeneze. Watano walikuja kesho yake, wa sita alimtukana kwanza, kisha naye akaja. Wa saba, Musallam wa Samail, alicheka tu, akasema gari lake halijawahi kuwa tulivu kama sasa. Suud alichukua vifaa, akaendesha mpaka Samail, akairudisha ile fyuzi mbele ya mlango wa Musallam huku mwenyewe akigomba.

Ile kompyuta aliifunua. Jioni mbili kwa wiki Khulood humpitia na kile kitabu cha gari, humtafsiria ukurasa baada ya ukurasa, naye huandika kwenye daftari kama mwanafunzi.

Nyumbani kwa Marhoun alikwenda siku ya nne. Rasha ndiye aliyemfungulia. Suud alimwamkia, akaomba radhi, macho chini.

"Mume wangu kakusamehe," alisema Rasha. "Yuko ndani, anakungoja kwa kahawa. Mimi bado."

Suud alimwambia ana haki. Rasha akasogea pembeni ya mlango kumpisha, na Suud akaingia.