Sufuria ya Tate

Harufu ya samaki wa chumvi hunifikia hata leo kabla sijaliona soko la Mudzipela, mtaani kwetu Bunia, pale njia inapoteremka na pikipiki hupunguza mwendo kwa sababu ya mashimo. Ni harufu nzito ya ziwa, moshi na jua, na wapita njia wengine hufunika pua. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, harufu hiyo ilining'ang'ania mikononi msimu mzima wa mvua. Kila siku nikitoka shuleni nilitumwa kununua chakula cha mtu mmoja, kisha nikipike. Mtu huyo alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Tulimwita Tate, kama watoto wa kwetu wanavyowaita bibi na babu zao, na jina lake la ubatizo, Elizabeti, ndilo nililopewa mimi.

Tate alikuwa ametujia kutoka Fataki wakati watu wa huko walipokimbia makazi yao kwa sababu ya vita. Alikuwa ameacha ng'ombe, shamba la maharage na nyumba aliyozaliwa ndani yake baba, na njiani alianguka akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga vibaya. Vidole vyake vilibaki vimejikunja kidogo, hata mwiko ulikuwa ukimponyoka. Mwanzoni mama alimpokea vizuri. Walikaa pamoja ukumbini wakichambua maharage, na jioni tulizunguka sinia moja, Tate akimega ugali kwa mkono wa kushoto na sisi watoto tukimcheka, naye akicheka pia. Kisha mdogo wangu Samweli, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa bila kuegemezwa, akashikwa na homa. Walimpeleka kwanza kwenye chumba cha maombi, halafu kwenye zahanati, na walipofika huko hakuwa tena na nguvu ya kulia. Tulimzika mvua ikinyesha.

Baada ya matanga, mhubiri wa kile chumba cha maombi alikuja nyumbani. Alisali muda mrefu, macho ameyafumba, kisha akasema kwamba ndani ya nyumba ile mlikuwa na mdomo unaokula watoto. Hakumtaja mtu. Hakuhitaji kumtaja, maana nyumba yetu ilikuwa na mzee mmoja tu. Mama, ambaye tangu mazishi alikuwa hasemi wala hali, aliinua kichwa akamtazama Tate, na sijapata tena kuona mtu akitazamwa hivyo. Simlaumu mama kama ninavyomlaumu baba. Mama alikuwa amefiwa na mtoto na alikuwa akitafuta mahali pa kuyaweka machungu yake. Baba alikuwa akimtenga mama yake mwenyewe.

Baba alimwambia Tate asubuhi iliyofuata, amesimama uani, akichezea funguo za pikipiki yake. Tate alikuwa ameketi kwenye kibao akiota jua.

"Mama, weye utakaa mu kile kijumba cha nyuma," alisema. "Na utakuwa na sufuria yako. Ni kwa muda tu, ili watu wanyamaze."

"Na weye," Tate akamwuliza, "unasema nini?"

Baba alisema anachelewa kazini. Ndipo ikabidi atafutwe mtu wa kumpikia, kwa kuwa mkono wake haukuweza kusonga ugali, na mama hakutaka aonekane akirandaranda sokoni. Nikachaguliwa mimi. Walisema nina jina lake na mtu hawezi kulidhuru jina lake mwenyewe. Lakini mama alinishika bega, akaniambia kwamba nikipika nipike tu, nisionje hata mchuzi.

Sokoni ndiko nilikojifunza kwamba vitu vyote vimepangwa kwa ajili ya familia. Mboga ya lengalenga ilifungwa mafungu makubwa, nyanya zilipangwa kwa vilima, na samaki aliuzwa mzima. Mtoto aliyeomba nusu fungu alitazamwa mara mbili. Wachuuzi walikuwa akina mama wa mtaani kwetu, na swali lao lilikuwa moja: mnapikia nani chakula kidogo hivi? Siku za kwanza nilisema ni cha mgonjwa. Kisha habari zikaenea, wakaacha kuuliza, na kuacha kwao kuuliza kuliniuma zaidi. Mmoja alianza kuniwekea vitu chini, juu ya gunia, ili mikono yetu isigusane. Mama mmoja tu, aliyehamia Bunia kutoka Butembo na kuuza samaki karibu na kinu cha unga, alinikatia samaki bila maneno na kunipa kichwa, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kwamba Tate anapenda kichwa. Huyo sikuwahi kumwuliza jina.

Tulipikia kwenye mbabula, jiko la makaa, mlangoni mwa kijumba. Tate alikaa kando akinielekeza kwa kidevu: punguza makala, loweka samaki tena, bado ana chumvi, acha mafuta ya mawese yachemke mpaka rangi yake ififie. Kupika chakula cha mtu mmoja ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Maji kidogo hukauka ghafla, unga kidogo hushika chini, na chumvi ikizidi huna wa kugawana naye ubaya huo. Mara nyingi niliunguza. Yeye alikula vilivyoungua bila kukunja uso, na kila siku alibakiza kipande cha ugali na mchuzi kidogo pembeni mwa sahani, akinitazama. Nilikuwa na njaa, maana kwetu chakula kililiwa jioni tu. Nilikuwa nikiinamisha kichwa na kuanza kusugua sufuria. Hakunishawishi hata mara moja. Alifunika mabaki, akasema atayala asubuhi.

Mvua zilipokaribia kwisha, alinituma kwa baba na ujumbe kwamba Jumapili anamwalika kula. Baba alisema atakuja. Sijawahi kumwona Tate na furaha kama siku zile. Alikuwa na kitenge kimoja kizuri, cha kwenda nacho kanisani, akakibadilisha kwa kuku kwa jirani. Alinituma nikamtafutie samli ya ng'ombe kwa watu wa kwao waliokuwa wakiuza maziwa barabarani. Sokoni niliomba fungu zima la lengalenga na kilima kizima cha nyanya, na nakumbuka nilivyotembea nimenyoosha shingo. Tulipika tangu asubuhi. Siku hiyo Tate alikataa nisonge ugali peke yangu. Aliweka mkono wake uliopinda juu ya wangu, tukauzungusha mwiko pamoja.

Baba alikuja amevaa shati jeupe la ibada. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akaitazama meza ndogo niliyoazima, sahani mbili, na kuku ndani ya bakuli, mvuke ukipanda. Nilimwona akimeza mate.

"Leo niko mu maombi, Mama," alisema. "Niko nafunga."

Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwona akinywa chai na kula mkate. Alijua kwamba nilimwona, na hakunitazama. Tate aliviangalia viatu vya baba, kisha akamwangalia usoni.

"Sawa, mutoto wangu," alisema. "Enda kuomba."

Alipoondoka, Tate alinisukumia sahani ya pili. Nikala. Nilikula mpaka mfupa, mbele ya mlango ulio wazi, na mama aliniona kutoka upande wa pili wa ua. Jioni alinichapa. Sikufa wala sikuugua, na hakuna aliyesema neno juu ya hilo.

Siku chache baadaye lilipatikana lori lililokuwa likipeleka watu upande wa Fataki. Wengi waliogopa kurudi. Habari za huko hazikuwa nzuri. Tate alifunga nguo zake kwenye shuka. Baba alimwambia asubiri hali itulie, lakini alisema hivyo akiwa tayari ameubeba mzigo wa Tate begani. Tate alinishika kidevu, akasema, "Kule sufuria yangu haitaogopesha mutu." Vurugu zilipoanza tena watu wakaja Bunia kwa miguu, na baba alikwenda barabarani kuwauliza wote aliowafahamu. Hakuna aliyemwona Tate. Kaburi lake hatulijui. Na kabla mwaka haujaisha, mama alijifungua mtoto wa kike, naye akashikwa na homa ile ile, akafa vile vile, katika nyumba ambamo hamkuwa tena na mzee wa kunyooshewa kidole. Yule mhubiri alikuja akasema ni mapenzi ya Mungu.

Leo ninaishi peke yangu, katika chumba cha kupanga hapa hapa Mudzipela, na ninafundisha shule ya msingi. Soko limebadilika. Mafuta hufungwa kwenye vifuko vidogo vya mlo mmoja, nyanya huuzwa tatu tatu, samaki hukatwa tayari vipande. Vita vimewaacha wengi wakipika peke yao, hata wachuuzi wamezoea. Naomba kidogo, napewa kidogo, na hakuna anayeniuliza napikia nani.

Baba huja Jumapili. Mama alishafariki, na yeye amezeeka. Mwezi uliopita nilimpikia kuku kwa samli. Alikula polepole, akasafisha sahani kwa tonge la mwisho, kisha akasema, "Mama alikuwa anapika hivi hivi." Tangu lile lori liondoke hakuwa amemtaja Tate mbele yangu. Niliweka kijiko chini nikangoja aendelee. Alijifuta mdomo, akaniomba maji ya kunawa. Nikamletea.